Muulize Mjomba: Kwetu ni wapi, na nikifika nimuulize nani?

Mwezi huu barua zimelalia upande mmoja, sijui ni likizo inakaribia au misiba imekuwa mingi, manake siku hizi watu wanakutana msibani ndo wanagundua kumbe ni ndugu. Wengi mnataka kwenda kuwatafuta jamaa, kuzuru makaburi ya wakubwa, kujua nani alifyeka pori la kwanza pale kijijini. Nimechukua chache, nyingine zinafanana. Zile zenye kesi ya shamba ndani yake siziweki hapa, hizo pelekeni baraza la ardhi msinitie mie katikati.

Shikamoo Mjomba. Mimi nimezaliwa Dar, nimekulia Dar, na wanangu hivyo hivyo. Marehemu baba alizaliwa kama 1945 na alikuwa akituambia kwetu ni Tongoni, eti babu wa babu yake alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kukaa pale. Baba alitoka kijana akawa harudi, sasa ametangulia na mimi sina namba ya mtu hata mmoja kule. Nataka nende na watoto mwezi wa kumi na mbili tukaone magofu na tuwajue ndugu. Mume wangu anasema wakiniona tu wataanza kunililia shida, na mwenyewe naogopa kufika nikaambiwa hatukujui. Nianzie wapi? — Mjukuu wa Mtangata, Mbagala

Marahaba mwanangu. Kwanza nimefurahi ulivyojisaini, Mtangata ndo jina la zamani la huko, na Wareno walilikuta. Vasco da Gama alipita hapo mwezi wa nne 1498 meli yake moja ikakwama kwenye mwamba, na wakati wa kurudi mwaka uliofuata ile meli wakaichoma moto pande hizo hizo kwa sababu mabaharia walishakufa wengi hawatoshi kuendesha zote. Kwa hiyo kwenu panajulikana siku nyingi.

Ila usianze na magofu. Magofu hayahami, yatakusubiri. Anza hapo hapo Mbagala kwa kutafuta daftari la rambirambi la msiba wa baba. Lile daftari alilokuwa anaandika yule kijana mlangoni, nani katoa elfu tano nani kaleta mchele, mara nyingi wanaandika na mtu katoka wapi. Watu wanalitupa baada ya arobaini na kumbe ndo orodha ya ukoo iliyo kamili kuliko zote, mtu hapandi basi toka Tanga kuja kuzika mtu asiyemhusu. Afu fungua ule mkoba wa baba, kila mzee ana mkoba. Kadi ya TANU kama aliitunza, cheti cha ndoa, fomu za kazini za mafao ambazo zinauliza ulizaliwa kijiji gani tarafa gani. Jina la kitongoji ukilipata umeshapiga hatua kubwa, kwa sababu Tongoni kwa mtu aliye Dar ni jina la eneo zima, wakati kwa mtu wa kule kuna huku na kuna kule na watu wa huku siyo wa kule.

Kuhusu majina usitafute jina la ukoo kama la Wachaga, kwetu pwani hamna. Mtu ni fulani bin fulani basi, na mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake, kwa hiyo majina mawili yanazunguka humo humo, Ali Juma, Juma Ali, Ali Juma, mpaka unachanganyikiwa uko kizazi gani. Ndo maana uulize lakabu. Huyu Ali Juma aliyekuwa akiitwa nani? Aliyekuwa fundi wa nini? Lakabu hairithiwi kirahisi, ikitajwa unajua umemshika mtu mwenyewe.

Haya sasa kwenda. Safari ya kwanza usende na watoto. Nenda wewe na mtu mzima mmoja, ikiwezekana ami yako yeyote au hata rafiki wa marehemu, mkafike mapema asubuhi. Mpigie kwanza mtendaji wa kijiji ama mwenyekiti wa kitongoji umwambie mimi ni mtoto wa fulani naja kuwasalimia wazee, ili ukifika kuna mtu ameshatandika mkeka. Hapa kwetu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, sasa wewe usifanye hivyo, panga kulala hata kama ni mjini, manake siku ya kwanza wanakuangalia tu, maneno yanatoka siku ya pili.

Na sasa sikiliza hili manake nimeona wengi wanakwama hapa na wanarudi wakilaumu ndugu zao ni wachoyo wa habari. Mtu akitoka mjini akauliza babu alikuwa anakaa wapi, kaburi lake liko wapi, mpaka ulikuwa wapi, yeye anadhani anauliza historia. Wanaomsikiliza wanasikia shamba. Hasa minazi. Pwani yetu minazi ina mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine, inahesabiwa, inarithiwa, inawekwa rehani, na yule ami aliyebaki ndo kaipalilia miaka yote baba yako akiwa Dar anakula mshahara. Unatokea wewe na simu kubwa unapiga picha mti mmoja mmoja, wewe ungefikiria nini? Kwa hiyo mapema kabisa, kabla hata chai haijaja, sema mbele ya wote kwamba hukufuata shamba wala mnazi, umefuata majina na makaburi. Na uwe unamaanisha. Kama moyoni unalo la shamba basi liseme siku nyingine kwa njia yake, usilifiche ndani ya historia, watalinusa na utawaharibia na wengine wanaokuja baada yako.

La mumeo nalo lina ukweli wake, watu wana shida na wewe una nauli ya kuja na kurudi. Dawa yake ni kufika na vitu siyo na noti. Sukari, majani ya chai, mchele, mafuta, sabuni, na kanga nzuri kwa bibi mkubwa wa pale. Mkabidhi mzee mmoja agawe yeye, anajua nani ana yatima nani ana mgonjwa. Ukianza kugawa elfu kumi kumi mlangoni utamaliza pochi na bado kuna atakayenuna.

Wa kumuuliza: akina mama watu wazima. Wanaume wazee watakupa mstari ulionyooka, fulani kamzaa fulani kamzaa fulani, hawakosei, na wanaruka kila kitu cha maana. Bibi ndo atakuambia huyu alioa mara mbili, yule mke wa kwanza alirudi kwao Mwarongo na mtoto tumboni, hawa hawasemezani kwa sababu ya mahari. Ukirekodi kwa simu omba ruhusa kwanza, na uiweke mezani ionekane.

Kuna jambo moja linalowapotezea watu njia. Unaweza kufika ukaambiwa nyumba ya babu hayupo mtu anayeijua, kumbe watu walihama. Kati ya 1973 na 1976 ilipita Operesheni Vijiji, watu wakatolewa kwenye makazi ya zamani wakasogezwa barabarani kwenye vijiji vilivyopimwa. Makaburi yalibaki nyuma kwenye mahame. Kwa hiyo uliza mahame yenu yako wapi, usiulize nyumba. Utapelekwa porini huko ukute miembe mikubwa imejipanga na mbuyu na vigae vya vyungu, basi ndo hapo. Vaa viatu vya kufunika, na mtu wa panga atangulie.

Magofu yenyewe ni kama km 17 kutoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani. Msikiti ule na makaburi ya nguzo ni ya karne ya 14 na 15, na sehemu nyingine pwani hii ya Afrika Mashariki hukuti makaburi ya nguzo mengi pamoja kiasi kile. Watoto watapenda. Ila usiwaambie haya ni makaburi ya babu zenu, fanya hesabu kwanza. Babu wa babu ya baba yako, yaani baba ni kilembwe chake na wewe ni kinying'inya, ukipiga kila kizazi miaka 28 hivi unaangukia kwenye miaka ya 1830. Wakati huo ule msikiti ulishakuwa gofu zamani. Baada ya mji wa kwanza kufa walikuja watu wengine katika karne ya 18, inasemwa walitoka Kilwa, wakapakalia upya wakapaita Sitahabu. Kwa hiyo "watu wa mwanzo" wa baba yako huenda ni wa mwanzo wa awamu ile ama ya baadaye kidogo, na mimi naona hiyo haipunguzi kitu, kuanzisha kijiji juu ya mji uliokufa ni kazi kama kufyeka pori. Na mkiwa pale msiokote kigae wala kipande cha jiwe kwa ukumbusho, kuna sheria ya mambo ya kale tangu 1964 inalinda vitu hivyo.

Mjomba hongera na kazi. Babu yetu alikuja Tanga kama manamba wa mkonge. Alikuwa anaitwa Saidi, basi, hakuna jina lingine. Wazee wengine wanasema alitoka Songea, wengine Njombe, wengine wanasema Kigoma. Kazikwa huku huku estate. Bibi alikuwa Mzigua na sisi watu wanatuita Wazigua. Inawezekana kupajua kwao? — Mtoto wa Kambini, Korogwe

Inawezekana ila kwa subira, na kuna hatari usipajue kabisa, nakuambia mapema.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama babu yako. Aliuleta Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893, miche ilipitia Florida na ikafa mingi njiani, inayosemwa ilipona ni 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka hiyo 62 ndo mashamba yakajaa toka Tanga mpaka Korogwe mpaka Moshi huko kufuata reli, na mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000. Wenyeji wengi hawakutaka kukata mkonge, na sijui nani angetaka, kwa hiyo watu wakaandikishwa mbali. Kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi ya wenye mashamba, Silabu, ilikuwa inaandikisha watu Songea, Njombe, Kigoma, mpaka Burundi, inawapakia kwenye malori na treni wanaletwa kwa mkataba. Mkataba ukiisha unarudishwa. Waliobaki ni wale waliopata sababu ya kubaki, na babu yako alimpata bibi yako.

Hilo jina Saidi uwezekano mkubwa siyo alilotoka nalo kwao. Wengi walisilimu huku kambini ili waoe, au karani aliandika tu jina rahisi. Kwa hiyo ukienda Njombe kuuliza Saidi hakuna atakayeinua kichwa. Tafuta jina la utotoni, labda alilitaja akiwa mgonjwa, labda alimpa mtoto wake mmoja jina ambalo halifanani na ya wenzake. Angalia majina ya baba zako wadogo na shangazi zako, kuna lolote la ajabu hapo katikati? Hilo la ajabu ndo lishike.

Afu waulize walio hai maswali ambayo hayaonekani ya historia. Alikuwa na chale usoni, au meno yalichongwa? Mnyama gani alikuwa hali hata mkimbembeleza, manake koo nyingi zina mwiko wake na mtu huondoka kwao na kila kitu kinabaki ila mwiko anao. Alicheza ngoma gani Jumapili kambini na alicheza na akina nani? Kambi zilikuwa zinakaa kwa makabila, majirani zake wa safu ile ni nani? Na kubwa kuliko yote: siku aliyokufa nani alikuja kufanya utani. Watani hawakosi msiba. Kama kuna watu walikuja wakazuia jeneza, wakadai faini, wakakejeli maiti na mkawacheka mpaka mkasahau kulia, basi waulizwe hao walikuwa kabila gani, na mzee yeyote anayejua mambo ya utani atakupunguzia orodha kutoka makabila matatu mpaka moja.

Kwenye karatasi, uliza ofisi ya shamba kama wana madaftari ya mishahara, kila mtu alikuwa na kipande chake cha siku 30 za kazi na namba. Usitegemee sana, mashamba mengi yalitaifishwa 1967, yakabadilisha mikono, na mchwa nao walikuwa wanasoma. Nyaraka za Taifa Dar kuna mafaili ya idara ya kazi ya mkoloni, humo utapata habari za estate na mahali walikoandikisha watu, siyo jina la babu. Ila hata ukijua mwaka fulani estate yenu ilikuwa inaleta watu kutoka wilaya fulani ni msaada.

Na hao wanaowaita Wazigua wala hawajakosea. Wazee wa Kizigua ukoo walikuwa wanauhesabu kwa mama. Kwa hesabu yao nyie ni wa bibi moja kwa moja, sasa mbona kwa bibi hamjaenda? Barua nzima umeuliza ya babu tu. Nendeni na huko, karibu zaidi na nauli ndogo.

Mjomba, naomba usiweke jina wala mkoa. Bibi yangu mzaa baba alikulia Misheni Bagamoyo na tunaambiwa wazazi wake "waliletwa". Nikiuliza waliletwa na nani, kutoka wapi, mazungumzo yanaisha hapo hapo na shangazi ananikasirikia. Nimeshaelewa wanachoficha. Nina haki ya kujua au niache?

Haki unayo. Shangazi naye anayo haki ya kutosema mbele ya wakwe zake, na hapo ndo pa kuanzia, umemuuliza mbele ya nani? Haya mambo hayaulizwi sebuleni siku ya Idi ama Krismasi watu wamejaa. Mfuate jikoni, mkiwa wawili, na usilitaje lile neno wewe. Mwambie tu nataka kumwombea bibi na wazazi wake, nitaje majina gani? Atakayokupa yachukue hivyo hivyo usimchokonoe.

Watu huona utumwa kama kitu cha enzi za Nuhu. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873, hali yenyewe ya utumwa ikafutwa kisheria Zanzibar 1897, na huku bara, Tanganyika, sheria ya kuifuta kabisa ni ya 1922. Elfu moja mia tisa ishirini na mbili! Mtu aliyezaliwa mwaka huo tumemkuta tukala naye mikate. Kwa hiyo shangazi yako hafichi historia, anaficha maneno aliyotukanwa shuleni. Kuna familia ngapi pwani hii zenye babu Mwarabu au Mshirazi ambaye hajulikani kazikwa wapi, mie sisemi kitu.

Sasa kwako kuna bahati ambayo wengi hawana, nayo ni kwamba Misheni waliandika. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo mwaka 1868, wakapokea na kukomboa watoto na watu wazima waliokuwa watumwa, wakawajengea kijiji, wakawaozesha. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni kama hizo viliandikwa kwa Kilatini au Kifaransa, jina jipya, umri wa kukadiria, wasimamizi, na ukibahatika na kabila ama nchi alikotoka. Nenda parokiani na barua ya paroko wako, eleza ukoo, uombe wakuangalizie, usitake kupekua mwenyewe. Makao ya nyaraka za shirika lao yako Chevilly-Larue karibu na Paris, huko unaweza kuandika. Na pale Misheni kuna makumbusho, ingia hata kama unadhani unajua.

Kitu kingine ambacho jamaa wengi wa Bagamoyo hawakifuatilii: wale walioozeshwa Misheni hawakubaki wote. Mapadri walipokwenda kufungua vituo bara, Mhonda 1877, baadaye Mandera na Morogoro, walikuwa wanaenda na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo, ndo waliojenga, wakalima, wakafundisha. Kwa hiyo hao wakubwa zako "walioletwa" wanaweza kuwa na ndugu zao wa kijiji kimoja ambao kule Mhonda leo wanahesabiwa waasisi na wanajisifu. Ukipata jina la msimamizi wa ubatizo lifuate huko.

Ukipata kitu usikirushe kwenye grupu la familia. Mpelekee shangazi kwanza, kwenye karatasi, akisome peke yake.

Salaam Mjomba, sisi ni Wazigula, wazee wetu walitoka Somalia, tukakaa kambi Kenya, sasa tuko Marekani. Tunataka kuja Handeni na mama yetu mzee aone nchi ya mababu. Tukija tutapokewa? Tumtafute nani?

Mtapokewa, na mama atashangaa atakavyoelewana na watu sokoni. Habari ya wenzetu hawa wengi hapa hawaijui kwa hiyo niiweke kidogo: miaka ya 1830 ilipiga njaa kali Uzigua, watu wakapelekwa pwani wakapakiwa majahazi mpaka Somalia, wakauzwa. Kuna waliotoroka, wanasimulia wakiongozwa na mwanamke aitwaye Wanakhucha, wakitaka kurudi kwao kwa miguu, wakaishia mto Juba wakaanzisha vijiji vyao na lugha wakaishika mpaka leo. Vita ya Somalia ya 1991 ikawatoa, wengi wakapita Dadaab na Kakuma, kuanzia 2003 maelfu wakachukuliwa Marekani, na wengine waliokuwa huku Tanga wakapewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, wakaja kupewa na uraia.

Kwa hiyo anzieni Chogo. Pale kuna watu wenu wanaojua pande zote mbili, wa Juba na wa Handeni. Msije na jina la mtu, karibu miaka 200 imepita hakuna kaburi mtakaloonyeshwa mkawa na uhakika nalo. Njooni na jina la ukoo kwa upande wa mama, na nyimbo. Mama akianza kuimba nyimbo za unyago mbele ya bibi wa Kizigua mtajua wenyewe. Atakayewapigia simu kabla hamjafika akisema yeye ni mzee wa ukoo wenu na anataka dola za kutengeneza tambiko, mkateni.

Mjomba, ndugu wanataka tukachinje mbuzi kaburini kwa babu. Mimi nimeokoka. Nifanyeje?

Nenda, salimia, fyeka majani, changia mchele. Wakati wa kuchinja kaa na watoto kivulini. Hakuna aliyekwenda kijijini kuhesabu nani kasimama wapi, na kama yuko mwache ahesabu. Waislamu nanyi mnaobishana kuhusu Yasini ya kaburini, mwulizeni shehe wenu siyo mimi.

Kipimo cha DNA cha kutuma mate nje kinaweza kuniambia kabila?

Kabila hapana. Kitakutajia maeneo mapana, mara Afrika Mashariki asilimia kadhaa, na pengine binamu aliyepo Kanada kama naye kapima. Kwa ndugu zetu wa Oman na Ukomoro kinasaidia kidogo. Lakini ujue kuna sheria ya vinasaba ya 2009, mambo ya sampuli yako chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, uliza pale kwanza kabla hujaposti mate yako. Na jiandae, kipimo kinaweza kukuambia baba siyo baba, hilo ndo linalotokea zaidi kuliko kabila.

Mjomba tuamulie. Ukoo wetu wa Pangani tuna grupu la WhatsApp, upande mmoja unasema babu yao ndo alifika wa kwanza akampokea wa kwetu, na sisi tumesimuliwa kinyume chake. Imefika mahali watu wameleft. Nani mkweli?

Siwezi kuwaamulia kitu kilichotokea kabla ya Abushiri hajanyongwa hapo Pangani mwaka 1889. Ila kuna namna ya kupima. Waulizeni wazee wa pande zote babu yenu alipofika alimkuta nani, alimuomba nani mahali pa kujenga, alitoa nini. Mtu wa kwanza kweli haombi kwa mtu, anasimulia alifyeka, alitambika, aliona maji. Aliyekuja wa pili siku zote kuna mtu alimpokea kwenye hadithi yake mwenyewe, hata akimfanya ni mtu mdogo. Angalieni pia nani anaitwa kwanza siku ya kusafisha kisima au makaburi, hiyo heshima huwa haitolewi bure. Pande zote mbili zikidai zilifyeka basi andikeni zote mbili, kila moja na jina la aliyesimulia na tarehe aliyosimulia, chapeni, kila nyumba ibaki na kopi. Na huyo admini anayefuta meseji za upande wa pili mtoeni uadmini leo.